Mizani ya ami inapunja, na mkono wangu umeanza kuzoea

Assalaamu alaykum, wenye safu.

Nina miaka 27, nafanya kazi kwa ami yangu hapa Lamu, upande wa Langoni. Twanunua samaki wavuvi wakifika asubuhi, twawatia barafu, kisha twawauzia mahoteli na wachuuzi wanaopeleka Mombasa. Kupima ni kazi yangu tangu mwaka jana. Tuna mizani mbili za kuning'iniza: moja iko mlangoni, ya kununulia, na nyengine iko ndani, ya kuuzia.

Mwezi uliopita nilitundika mfuko wa sukari wa kilo 2, haujafunguliwa, kwenye ile ya mlangoni. Mshale ukasimama kwenye kilo 1 na gramu 880. Nikaupeleka ndani, ikasoma kilo 2 na kidogo juu. Nilipomwambia ami, alinitazama tu, akasema, "Hiyo iache kama ilivyo." Jioni akaniita, akanieleza kwa upole: wavuvi nao hutuletea pweza waliolowekwa maji matamu ili wazidi uzito, wengine hujaza barafu matumboni mwa samaki. "Wao watupunja huku, sisi twawarudishia kule. Ndilo soko."

Ami ndiye aliyenilea baba alipofariki. Amenisomesha, na mahari yangu katoa yeye. Siwezi kumfedhehesha. Na hao wavuvi nao ni watu ninaoswali nao safu moja.

Linalonitisha zaidi ni hili. Zamani mshale ukisimama baina ya 3.4 na 3.5, nilikuwa nauliza, "Waonaje, tuseme ngapi?" Siku hizi nasema 3.4 kabla mvuvi hajainua macho. Hakuna aliyeniamuru. Je, ninyamaze, niseme, au niondoke? Na yaliyokwisha kupita yatakuwaje?

Mshika mizani, Lamu


Wa alaykum salaam, ndugu yetu.

Tuanze pale ulipomalizia, kwenye ile 3.4, kwa sababu ndiyo sehemu ya barua yako isiyomhitaji ami.

Mwanafalsafa Miskawayh, aliyefariki mwaka 1030, na mwanazuoni Al-Ghazali, aliyefariki 1111, waliieleza tabia kwa namna inayokaribiana sana: ni hali iliyotulia ndani ya nafsi, ambayo vitendo hutoka kwayo kwa wepesi, bila mtu kukaa kufikiri. Neno lao, khuluq, lina shina moja na hulka yetu. Kwa maelezo hayo, 3.4 yako ya haraka iko njiani kuwa hulka lakini haijafika, maana bado umeiona na imekushtua. Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki aliyewatangulia kwa zaidi ya miaka elfu, alitoa mfano wa wajenzi: mtu huwa mjenzi mzuri kwa kujenga vizuri, na huwa mjenzi mbaya kwa kazi hiyo hiyo akiifanya vibaya. Mwanafunzi wa fundi wa milango anayeshika patasi kombo kila siku hakai bila kujifunza. Anajifunza kushika kombo. Wewe unapima samaki mara kadhaa kila asubuhi. Hayo ni mafunzo, yawe unayataka au huyataki.

Ndiyo maana swali la "ninyamaze?" lina jibu jepesi kuliko unavyodhani. Kunyamaza kungekuwa na maana kama ungekuwa umekaa kando unatazama. Wewe ndiye unayeitamka namba.

Sasa mizani yenyewe. Ipimeni kabla hujamhukumu mtu, na mfuko mmoja wa sukari hautoshi. Chukua dumu tupu la lita 20 na chombo cha kupimia cha lita 1 chenye alama. Ondoa beseni, utazame mshale ukiwa hauna mzigo: uko kwenye sifuri au nyuma yake? Tundika dumu tupu kwenye mizani ya ndani, andika uzito wake, kisha ulitundike mlangoni, andika. Tia lita 5, andika. Fikisha 10, andika, 15, andika. Lita moja ya maji matamu, kwa joto letu la huku, ni kama gramu 996, kwa hiyo ihesabu kilo moja bila wasiwasi. Maji ya kisima yenye chumvi kidogo si tatizo. Ila usichote baharini kwa sababu bahari iko mlangoni: lita moja ya maji ya bahari ina gramu 1,025 hivi, na upungufu wa gramu 60 utauona kama 36 tu.

Kisha tazama upungufu unavyokwenda. Ikiwa ni gramu 120 kwenye lita 5 na gramu 120 vilevile kwenye lita 15, kosa liko kwenye sifuri, yaani mshale umerudishwa nyuma. Na hilo laweza kuwa na sababu isiyo na mwizi ndani yake. Pengine aliyeitundika mwanzo alikuwa na karai la chuma, akarudisha mshale ili uzito wa karai usihesabiwe; karai likatoboka, likaja beseni jepesi la plastiki, na mshale hakuna aliyeugusa. Lakini ukikuta gramu 300 na kidogo kwenye lita 5 na 900 na kidogo kwenye lita 15, basi inapunja kwa kila kilo. Igonge kidogo kwa kidole: mshale ukiruka mbele, huenda ni kutu la hewa ya chumvi limeshika meno ya ndani. Usiporuka, yawezekana springi imebadilishwa kwa ngumu zaidi, na hapo kuna mkono wa mtu.

Mfuko wako wa sukari hauwezi kutenganisha mambo haya mawili, maana kwenye kilo 2 yote yanaleta gramu 120. Kwa mvuvi aliyeleta kilo 15 tofauti ni kubwa: katika hali ya kwanza amepoteza gramu 120, katika ya pili karibu kilo nzima. Na kumbuka kwamba ami kusema "iache" kunaonyesha anajua. Hakuonyeshi kwamba ndiye aliyeitengeneza hivyo. Tofauti hiyo itakusaidia mkikaa kuzungumza.

Tuseme basi ni gramu 60 kwa kilo. Siku mizani ikisoma jumla ya kilo 120, samaki waliopita mlangoni ni 120 ugawe kwa 0.94, yaani kilo 127.7. (Wengi huzidisha 120 kwa 0.06, wakapata 7.2. Upungufu ni 7.7, mizani mbovu huificha hata hesabu ya ubovu wake.) Kwa bei ya mfano ya shilingi 300, siku hiyo wavuvi wameacha kwenu kama shilingi 2,300. Kwa maneno mengine, ami hanunui kwa 300. Ananunua kwa 282, na anasema 300.

Hapo ndipo kosa lilipo, na tungependa ulishike vizuri kabla hujamwendea. Wazee wetu walikuwa na kibaba cha mfuto na kibaba cha tele. Cha mfuto hupitishwa mkono juu kikawa sawa na ukingo. Cha tele hujazwa mpaka kikafurika. Hakuna aliyeitwa mwizi kwa kuuza kwa mfuto, mradi amesema ni mfuto. Ami ana haki ya kutaka faida, na ana haki ya kutoa bei ndogo. Akisema 285, mvuvi atanung'unika, atauliza kwa mnunuzi wa pili, atarudi au hatarudi. Hiyo ni biashara. Akisema 300 huku mizani ikisema 282, amemwondolea mvuvi nafasi ya kunung'unika. Sura ya 83 ya Qur'ani imepewa jina la wapunjaji, na inaanza na mtu wa mizani mbili hasa: akijipimia kwa watu ataka kitimie, akiwapimia wao hupunguza.

Hoja ya pweza haina uzito, ingawa mambo yenyewe ni ya kweli. Pweza akilowekwa maji matamu huzidi uzito, na barafu tumboni ni barafu uliyoinunua kwa bei ya samaki. Lakini mizani haimchagui mkosaji. Aliyeleta changu wake safi anamlipia yule wa pweza. Na aliyeloweka naye, akijua mnapunja, ataloweka zaidi kesho, mpaka hakuna anayejua kilo ni nini. Dawa ya pweza ipo kwa pweza: uliyemshuku mwambie mwenyewe, mpunguzie bei waziwazi au mrudishie. Samaki wa barafu, toa barafu mbele ya mvuvi kabla ya kutundika.

Umesema huwezi kumfedhehesha ami. Hatukulaumu, na hatutaki ufanye hivyo. Ila kwetu maneno matatu huchanganywa, na kuchanganywa huko ndiko kunakofunga midomo ya watu wema. La kwanza, haya, humzuia mtu kabla ya tendo, hata akiwa peke yake. Aibu humjia akishaonekana. Sitara ni kufunika kosa la mwenzako lililokwisha, ili apate njia ya kurudi. Ukifunika kosa linaloendelea kila asubuhi, hujamsitiri mtu, umemlindia zamu. Ami hivi sasa anaogopa aibu, na wewe unamsaidia kuiogopa. Unachoweza kumrudishia ni ile haya ya kwanza.

Kuna na neno uungwana, ambalo huenda likatajwa mkizungumza: "sisi ni watu waungwana, nani atatushuku?" Neno hilo lina historia isiyopendeza. Muungwana alikuwa mtu asiye mtumwa, na lilipima ukoo, mpaka hali ya utumwa ilipofutwa kisheria kwenye mwambao wa Kenya mwaka 1907. Leo twalitumia kupima mwendo wa mtu, na ni vyema. Ila masalia ya zamani yamo: wapo wanaodhani nyumba yenye jina haiwezi kupunja. Mizani haijui ukoo.

Mwendee ami baada ya alasiri, nyumbani, kwenye daka la mlangoni, mkiwa wawili. Usimwendee dukani, wala asubuhi mashua zikiwa zimefunga. Chukua karatasi ya vipimo vyako vya maji. Usimsomee aya, anaijua kabla hujazaliwa, na kusomewa na kijana aliyemlea kutamfanya ajitetee badala ya kusikiliza. Usianze na "watu wanasema", kwa sababu ataanza kuwatafuta hao watu. Sema jambo moja:

"Ami, wewe umenilea, sitaki mtu akutaje kwa baya. Nimeipima mizani ya mlangoni kwa maji, inapungua gramu 60 kwa kila kilo. Siwezi kuendelea kuisoma mbele ya watu. Naomba tununue mpya. Ikiwa 300 haitulipi, tutoe 285 na tuseme ni 285."

Akikasirika, usijibizane naye kwa hesabu. Acha karatasi, mwage, urudi siku ya pili. Mpe mpaka Ijumaa ya pili, na umwambie hivyo. Aristotle aliuweka ushujaa baina ya woga na upapara, na watu hudhani hapo katikati ni mahali vuguvugu pa kusema kidogo. Hapana. Unasema yote, unachochagua ni saa, mahali na sauti. Mwoga angengoja mpaka ami afe. Mwenye papara angeipiga kelele gatini wavuvi wakisikia, na hasara yote ingemwangukia mzee kwa siku moja, naye apate fahari.

Akikubali, lililo gumu zaidi ni yaliyopita. Mna daftari la kupimia, na bila shaka mna lile la mikopo ya mafuta na barafu ambayo wavuvi hukatwa kidogo kidogo. Chukua jumla ya kila mvuvi tangu uliposhika mizani, ugawe kwa 0.94 (au, kama kosa ni la sifuri, uongeze gramu 120 kwa kila mara aliyopimiwa), utoe jumla ya zamani, uzidishe kwa bei ya siku zile. Deni hilo lipunguzwe kwenye mkopo wake wa mafuta. Asiyedaiwa alipwe fedha mkononi. Si lazima yote yatoke mwezi mmoja. Miezi ya kusi, bahari ikichafuka na samaki wakipungua, ndipo mvuvi atakapoihisi zaidi. Aliyefariki, ni haki ya warithi wake. Aliyehama na hapatikani baada ya kumtafuta kweli, wanazuoni walio wengi husema itolewe sadaka kwa niaba yake. Ya kabla ya wakati wako, ami amuulize sheikh anayemwamini.

Jihadharini na kitu kimoja hapa, ambacho hata watu wazuri hukosea. Fedha hiyo isitoke kama hisani. Mkimfutia mvuvi deni la shilingi 4,000 bila kusema kwa nini, ataomba dua kwa ajili ya ami, atamsifu mtaani, na mtakuwa mmechukua samaki wake mara ya kwanza na shukrani zake mara ya pili. Mwambieni: "Mizani yetu ilikuwa ikipungua. Tumepiga hesabu. Hii ni haki yako."

Je, maneno hayo ni ukweli kamili? Hayasemi nani alijua, wala tangu lini. Tulijadiliana kuhusu jambo hili kwa muda, na hatukukubaliana mara moja. Tulikofikia ni hapa: yanatosha, kwa sababu yanamrudishia mvuvi mali yake na kumwambia kosa lilikuwa upande wenu. Lakini akiuliza wazi, "Mlikuwa mnajua?", hapo hakuna tena pa kujificha. Wewe utajibu kwa upande wako: "Nilijua tangu mwezi uliopita, nikachelewa." Ya ami ajibu mwenyewe. Kama ami hawezi kulistahimili swali hilo, ni bora alifikirie kabla ya malipo ya kwanza kuliko siku litakapoulizwa.

Turudi kwenye mkono wako. Aristotle alisema ubao uliopinda hunyooshwa kwa kuuvuta upande wa pili, na Al-Ghazali naye alitibu tabia kwa kinyume chake: bahili atoe, mwenye kiburi awahudumie watu. Kwako dawa ni wiki mbili za hivi. Mizani itundikwe usawa wa macho, kwa sababu ukiutazama mshale kutoka chini au ubavuni huonekana umesimama pengine. Mvuvi asome kwanza, kwa sauti. Wewe usome baada yake. Mshale ukisimama katikati kabisa ya mistari miwili, namba ni ile kubwa. Tuseme hilo litatokea mara 20 kwa siku, gramu 50 kila mara: ni kilo moja, shilingi 300. Kwa hiyo mwombe ami ruhusa, au zikatwe kwenye ujira wako kwa siku hizo. Ukarimu kwa mfuko wa mwengine hautakunyoosha chochote. Wiki mbili zikiisha, rudini kwenye "waonaje, tuseme ngapi?"

Usiku, kabla ya kulala, andika mistari mitatu: tendo moja la leo, ulichokuwa ukikiogopa ulipolitenda, na utakachofanya kesho. Andika tendo, usiandike hisia. "Nilijisikia vibaya" haina kazi. "Nilisema 7.2 kabla Fulani hajatazama, niliogopa foleni, kesho nitangoja" ina kazi. Ukiona unaandika kurasa mbili za kujilaumu, funga daftari ulale. Hiyo nayo ni njia ya kujishughulisha na nafsi badala ya mizani.

Na ami akikataa? Usikubali kuhamishiwa mizani ya ndani ukadhani umetoka. Hiyo inafaa kwa wiki chache unapotafuta kazi nyengine, si zaidi. Ujue pia kwamba Sheria ya Vipimo na Mizani ya Kenya, Sura ya 513, inataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri, na anayetumia mizani ya uongo katika biashara anatenda kosa, hata kama duka si lake. Mwambie ami hilo mara moja tu, bila sauti ya kitisho. Kisha ondoka kwa salamu, endelea kumtembelea, mpelekee chakula Ramadhani. Deni lako kwake kwa malezi halikufutika. Halikuwa pia la kulipwa kwa samaki wa watu.

Mkinunua mpya, chagua yenye mistari ya gramu 50 na uifikishe kwa afisa wa vipimo ipigwe muhuri kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Ile ya zamani usiiuze wala usiigawe, toa springi. Weka dumu la lita 10 lililofungwa vizuri karibu na mlango, limeandikwa uzito wake, ili mvuvi yeyote atakayetaka alitundike mwenyewe. Na mizani iangalie nje, waliosimama kwenye foleni wauone uso wake kabla yako.